Hodi Katika Nyumba ya Lugha: Historia ya Kujiunga na Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kireno

Utangulizi

Tarehe 17 Julai 1996 wawakilishi wakuu wa nchi saba walikutana mjini Lisbon na kuanzisha Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kireno, ambayo hujulikana zaidi kwa herufi za jina lake la Kireno, yaani CPLP. Nchi hizo zilikuwa Angola, Brazili, Cape Verde, Guinea-Bissau, Msumbiji, Ureno, na São Tomé na Príncipe. Timor ya Mashariki ilijiunga mwaka 2002, na Guinea ya Ikweta ikajiunga mwaka 2014. Hivyo katika muda usiotimia miaka ishirini jumuiya hiyo ilipigiwa hodi mara mbili na kuitikia mara mbili, ingawa wabisha hodi hao wawili hawakufanana hata kidogo.

Mhadhara huu unaichunguza historia hiyo ya kujiunga. Swali lake la msingi ni jepesi kulitamka lakini ni gumu kulijibu: ni kitu gani kinachoifanya nchi ihesabiwe kuwa ya lugha fulani? Je, ni historia ya kutawaliwa na wenye lugha hiyo? Ni kifungu cha katiba? Ni wingi wa wasemaji? Au ni uamuzi wa watu wenyewe kuishika lugha na kuifanyia kazi? Hoja itakayotetewa ni kwamba sheria na mikutano ya wakuu hufungua mlango tu. Kinachomgeuza aliyeingia awe mwenyeji ni shule, mahakama, ofisi na mazungumzo ya kila siku, pamoja na heshima anayopewa kwa lugha alizokuja nazo.

Mtaalamu wa Kiswahili anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Lipo linalomhusu, na kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu muhimu ya historia ya Kireno barani Afrika ilitendeka katika ardhi ya Tanzania, mbele ya macho na masikio ya Waswahili. Pili, Kiswahili chenyewe kimeingia katika zama za kupokewa na mataifa na mashirika ya kimataifa. Ni vyema basi kutazama yaliyowapata waliotangulia katika njia hiyo.

Lugha ya Ngome

Wareno walifika katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakati Vasco da Gama alipopita Kisiwa cha Msumbiji, Mombasa na Malindi akielekea Bara Hindi. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilishambuliwa. Kuanzia mwaka 1593 Ngome ya Yesu ilijengwa Mombasa, na mwaka 1698 ikaangukia mikononi mwa Waomani. Ukiacha kipindi kifupi cha miaka 1728 na 1729, utawala wa Wareno kaskazini ya mto Ruvuma ulikoma hapo.

Takriban karne mbili za kuwapo kwao ziliacha maneno, lakini hazikuacha wasemaji. Kiswahili kilichukua meza, leso, bendera, kasha, mvinyo, foronya na padri, kikayavika sauti zake na kuyapanga katika ngeli zake, hata leo msemaji wa kawaida hashuku kwamba maneno hayo yalitoka mbali. Neno gereza linastahili kutazamwa peke yake. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome za Wareno mlikuwamo makanisa, na ngome yenyewe ikaitwa Gereza. Baadaye, ngome zilipotumiwa kufungia watu, maana ikahamia huko. Neno lililoanza katika nyumba ya ibada likaishia katika nyumba ya wafungwa. Kwa mwanaisimu hilo ni badiliko la maana kama mengine. Kwa mwanahistoria ni ushahidi wa namna wenyeji walivyokutana na lugha hiyo: waliisikia kutoka nyuma ya kuta.

Kusini ya Ruvuma mambo yalikuwa tofauti, kwa maana huko Wareno walibaki hadi mwaka 1975. Hata hivyo, huko nako Kireno hakikutawala mapema kama inavyodhaniwa. Katika pwani ya Cabo Delgado na visiwa vya Quirimbas watu walisema Kimwani, na huko Angoche walisema Kikoti, lugha ambazo zina uhusiano wa karibu na Kiswahili. Katika karne ya 19 masheikh na watawala wa sehemu hizo waliwaandikia maofisa wa Kireno barua kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Maputo. Kwa hiyo kwa muda mrefu ni ofisa Mreno aliyehitaji mkalimani ili aelewane na pwani, wala si pwani iliyolazimika kujifunza lugha yake.

Lugha Kama Cheti

Karne ya 20 ilibadili uhusiano huo. Mwaka 1921 nchini Angola, Norton de Matos, aliyekuwa mtawala mkuu wa koloni hilo, alitoa amri namba 77 iliyokataza lugha za wenyeji kufundishwa katika shule za misheni, isipokuwa kwa kiasi kidogo katika mafundisho ya dini. Lengo lilikuwa wazi: Mwafrika aliyetaka elimu aipate kwa Kireno au aikose.

Sheria za ukoloni huo ziliwagawa watu katika mafungu mawili. Fungu kubwa liliitwa la wenyeji, na fungu dogo sana liliitwa la waliofananishwa, yaani Waafrika waliohesabiwa kuwa wamefikia ustaarabu wa Kireno. Ili kuvuka kutoka fungu la kwanza kuingia la pili, mtu alipaswa kuthibitisha, miongoni mwa mengine, kwamba anasema Kireno sawasawa. Sheria ya mwaka 1954 iliyahusu makoloni ya Guinea, Angola na Msumbiji, na haikufutwa hadi mwaka 1961. Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya kujiunga na Kireno inayokutwa katika historia hii. Mtu alijiunga mmoja mmoja, kwa kufanyiwa mtihani, na gharama yake ilikuwa kujitenga na jamaa zake mbele ya sheria. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa; hapa sheria ilimtaka mtu aache mila ndipo aitwe huru.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Sensa ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba wenye Kireno kama lugha ya kwanza walikuwa takriban asilimia 1.2 tu, na waliokisema kwa namna yoyote walikuwa kama robo ya watu wote. Lugha iliyodai kuwa imeletwa kustaarabisha umma haikufundishwa kwa umma.

Uamuzi wa Dar es Salaam

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana mjini Dar es Salaam na kuunda FRELIMO, chini ya uongozi wa Eduardo Mondlane. Kimoja kati ya vyama hivyo, MANU, kilikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi na ya siasa. Mwaka 1963 ilianzishwa mjini humo Taasisi ya Msumbiji ya kuwasomesha vijana, na baadaye wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Vita vilipoanza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, Kiswahili kilisikika sana katika upande huo wa kaskazini kati ya wapiganaji na wanavijiji.

Hivyo basi, chama hicho kilizaliwa na kulelewa katika nchi iliyokuwa ikiuonyesha ulimwengu kwamba lugha ya Kiafrika inaweza kuunganisha makabila zaidi ya mia. Mfano ulikuwa mlangoni. Pamoja na hayo, FRELIMO ilichagua Kireno kiwe lugha ya umoja wake, na baadaye ya taifa lake. Ni kwa sababu gani?

Jibu haliko katika mapenzi kwa mkoloni. Kiswahili kilijulikana kaskazini, lakini watu wa Zambezia, Sofala, Gaza na Maputo hawakukijua. Mondlane mwenyewe, na Samora Machel aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji huru, walitoka Gaza, kusini kabisa. Kimakhuwa, ambacho ndicho lugha ya kwanza yenye wasemaji wengi zaidi nchini humo, ni cha yapata robo tu ya watu. Kuchagua lugha yoyote kati ya hizo kungehesabiwa kuwa ni kuupendelea upande mmoja, na chama hicho kilikuwa tayari kinasumbuliwa na mifarakano kati ya kaskazini na kusini. Kireno hakikuwa cha kabila lolote. Aidha, kilikuwa lugha ambayo wasomi wachache waliokuwapo walishirikiana, na lugha iliyowaunganisha na wenzao wa Angola, Guinea-Bissau na Cape Verde waliokuwa wakipigana na mtawala mmoja. Amílcar Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde aliyeuawa mwaka 1973, aliwaeleza makada wake kwamba lugha ni chombo, na kwamba Kireno kilikuwa miongoni mwa vitu vizuri vichache vilivyoachwa na Wareno.

Huu ulikuwa ujiungaji wa namna ya pili. Watu hawakuitwa na mwenye lugha; waliitwaa lugha hiyo wakiwa vitani naye. Matunda yake yalionekana baada ya bendera ya Ureno kuteremshwa. Wamsumbiji wenye Kireno kama lugha ya kwanza walifikia asilimia 6.5 mwaka 1997, asilimia 10.7 mwaka 2007 na asilimia 16.6 mwaka 2017. Nchini Angola, ambako vita viliwahamisha watu wengi na kuwachanganya mijini, sensa ya mwaka 2014 ilikuta kwamba asilimia 71 ya watu walisema Kireno nyumbani mwao. Kwa maneno mengine, Kireno kilienea zaidi katika nusu karne ya uhuru kuliko katika karne zote za utawala.

Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na watoto. Mtoto wa kijijini aliingia darasa la kwanza akafundishwa kwa lugha ambayo hajapata kuisikia nyumbani. Ilichukua miaka 28 baada ya uhuru, yaani hadi mwaka 2003, kwa elimu ya lugha mbili kuanza kuingizwa katika baadhi ya shule za msingi za Msumbiji. Kwa hiyo sababu njema za kuchagua lugha ya umoja hazikuondoa haki ya lugha nyingine, ziliiahirisha tu.

Kujengwa kwa Nyumba

Wazo la kuziunganisha nchi za Kireno katika chombo kimoja lilipata sura mwezi Novemba 1989, wakati Rais José Sarney wa Brazili alipowaalika wakuu wenzake mjini São Luís, katika jimbo la Maranhão. Huko ilikubaliwa kuundwa Taasisi ya Kimataifa ya Lugha ya Kireno, ambayo makao yake yamekuwa Praia, Cape Verde. Balozi wa Brazili mjini Lisbon, José Aparecido de Oliveira, alizunguka kuitetea fikra hiyo katika miaka ya 1990. Hata hivyo, ilichukua miaka saba kutoka São Luís hadi Lisbon. Angola ilikuwa katika vita ambavyo havikwisha hadi mwaka 2002, na Msumbiji ilikuwa imetoka vitani mwaka 1992. Isitoshe, ulikuwapo wasiwasi wa haki kabisa kwamba jumuiya hiyo huenda ikawa himaya ya zamani iliyovikwa kanzu mpya.

Namna jumuiya ilivyojengwa yaonyesha kwamba wasiwasi huo ulisikilizwa. Kila nchi ina sauti moja, na maamuzi hufanywa kwa maafikiano. Idadi ya wasemaji nayo yakataa ubwana wa mtu mmoja: sensa ya Brazili ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 203, ilhali Ureno ina watu kama milioni 10. Aliyeizaa lugha ndiye mmoja wa wachache wanaoitumia.

Wala wanachama hawakufungwa katika nyumba hiyo peke yake. Msumbiji, iliyozungukwa na nchi zinazotumia Kiingereza, ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 1995, mwaka mmoja kabla ya CPLP kuzaliwa, nayo ikawa nchi ya kwanza kuingia humo bila kuwa na uhusiano wa kikatiba na Uingereza. Guinea-Bissau iliingia katika umoja wa fedha wa Afrika Magharibi mwaka 1997, umoja ambao wanachama wake wengine wote walikuwa wametawaliwa na Ufaransa. Nchi hizo zilitenda kama wafanyavyo watu wa pwani tangu zamani: huongea lugha ya bandari wanayoshuka.

Palikuwa na upungufu mmoja ambao wananchi wa kawaida waliulalamikia kwa miaka mingi. Nchi zilikuwa zimejiunga, lakini watu walibaki nje. Mwanafunzi wa Cape Verde au mfanyabiashara wa Angola alihitaji viza kwenda Lisbon sawa na mtu asiyejua neno moja la Kireno. Mkataba wa kurahisisha safari na ukaazi baina ya nchi wanachama ulitiwa saini Luanda tarehe 17 Julai 2021, miaka 25 kamili tangu kuanzishwa kwa jumuiya, na hata huo uliiachia kila nchi hiari ya kupima ni kiasi gani ifungue mlango wake.

Timor: Lugha Iliyokumbukwa

Timor ya Mashariki ilijitangazia uhuru kutoka Ureno tarehe 28 Novemba 1975. Siku tisa baadaye, tarehe 7 Desemba, majeshi ya Indonesia yaliivamia, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa jimbo la 27 la Indonesia. Kiindonesia kikawa lugha ya shule na ya serikali, na Kireno kikapigwa marufuku. Mwaka 1981 Kanisa Katoliki, likizuiwa kuendesha ibada kwa Kireno, halikukubali kuhamia Kiindonesia. Lilichagua Kitetum, lugha ya wenyeji. Shule ya mwisho iliyofundisha kwa Kireno mjini Dili ilifungwa mwaka 1992.

Katika mazingira hayo Kireno kilibadilika hadhi. Lugha iliyokuwa ya mtawala wa jana ikawa silaha dhidi ya mtawala wa leo. Viongozi wa mapambano waliandikiana kwa Kireno msituni na uhamishoni. Tarehe 30 Agosti 1999 wananchi walipiga kura, na asilimia 78.5 wakachagua kujitenga na Indonesia. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2002 ilizitaja lugha rasmi mbili, Kitetum na Kireno, huku Kiindonesia na Kiingereza vikiruhusiwa kuwa lugha za kazi. Katika mwaka huo huo nchi hiyo ilipokewa katika CPLP.

Kwa kizazi kilichopigana, kujiunga huko kulikuwa kutimia kwa ahadi. Kwa kizazi kilichosomeshwa kwa Kiindonesia kulikuwa kama kuambiwa kwamba cheti cha shule hakina thamani tena. Kijana aliyehitimu chuo mwaka 1998 alijikuta miaka minne baadaye hawezi kuisoma sheria ya nchi aliyoipigania. Mahakamani hali ilikuwa nzito zaidi. Hukumu ziliandikwa kwa Kireno, na mara nyingi mshtakiwa, shahidi na mlalamikaji walitegemea wakalimani, ambao walikuwa wachache. Haki ikitamkwa kwa lugha asiyoielewa mtu, kwake haitofautiani sana na amri.

Lakini Timor ilikuwa na jambo lililoiokoa, nalo ni kwamba Kireno hakikuingia peke yake. Kitetum kilisimamishwa kando yake kwa hadhi iliyo sawa katika katiba, na mwaka 2004 serikali iliidhinisha tahajia sanifu ya lugha hiyo. Kwa kuwa Kitetum kilikuwa kimekwisha kuchukua maneno mengi ya Kireno, kama Kiswahili kilivyochukua ya Kiarabu, mwenye lugha moja alipata ngazi ya kumfikisha kwenye lugha ya pili. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mgeni anayeombwa aache mizigo yake nje na mgeni anayeruhusiwa kuingia nayo.

Guinea ya Ikweta: Lugha Iliyoamriwa

Mbisha hodi wa pili alikuwa na historia nyingine. Guinea ya Ikweta ilikuwa koloni la Uhispania, na Kihispania ndicho lugha yake kuu ya serikali. Kifaransa kiliongezwa kuwa rasmi mwaka 1998. Tangu mwaka 1979 inatawaliwa na Rais Teodoro Obiang Nguema, na tangu miaka ya 1990 inachimba mafuta. Mwaka 2010 Kireno kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya tatu kwa amri ya rais. Maombi yake ya uanachama kamili yaliahirishwa katika mkutano wa Luanda wa mwaka 2010 na tena katika mkutano wa Maputo wa mwaka 2012, hasa kwa sababu ya hali ya haki za binadamu. Baada ya serikali kusimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo mwezi Februari 2014, nchi hiyo ilipokewa katika mkutano wa Dili mwezi Julai mwaka huo. Adhabu yenyewe ilifutwa katika kanuni mpya ya adhabu mwaka 2022.

Ni nini kilichotolewa kuwa hoja ya kilugha? Kilikuwapo kisiwa kimoja kidogo, Annobón, kilicho mbali na bara na karibu zaidi na São Tomé. Jina lake lina asili ya Kireno na maana yake ni mwaka mwema. Wareno walikiweka chini yao, wakahamishia humo watumwa kutoka São Tomé na Angola, na mwaka 1778 wakakikabidhi kwa Uhispania pamoja na kisiwa kinachoitwa leo Bioko, kwa mkataba uliotiwa saini El Pardo. Wazao wa watu hao walibaki na lugha yao, Fa d'Ambô, krioli ambayo msamiati wake mwingi ni wa Kireno. Zaidi ya karne mbili za Kihispania hazikuifuta.

Watu wachache hao ndio waliokuwa na uhusiano hai na Kireno katika nchi nzima. Lugha yao ikawa kama cheti cha kuzaliwa kilichoonyeshwa mlangoni. Lakini ni vigumu kusema kwamba waliolikalia kisiwa hicho walifaidika na mlango huo. Kilichofanywa kuwa rasmi si Fa d'Ambô bali ni Kireno sanifu, ambacho wao hawakukisoma shuleni. Mwaka 2024, walipolalamikia milipuko ya baruti iliyokuwa ikitikisa ardhi yao, baadhi yao walikamatwa na mawasiliano ya simu na intaneti kisiwani yakakatwa. Jumuiya ya lugha ilimpokea mwenye dola. Msemaji alibaki pale pale ufukweni.

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba upokeaji huo haukuleta chochote. Suala la adhabu ya kifo lilisukumwa mbele kwa sehemu na masharti ya uanachama. Lakini hilo ni suala la siasa na sheria. Kwa upande wa lugha yenyewe, tukio la Dili laonyesha kwamba amri inaweza kuzaa lugha rasmi kwa siku moja, ila haiwezi kuzaa wasemaji.

Funzo kwa Kiswahili

Historia hii ina mafunzo matatu kwa wale wanaoshughulika na Kiswahili.

Funzo la kwanza ni juu ya umiliki. Mkataba wa tahajia ya Kireno ulitiwa saini Lisbon mwezi Desemba 1990. Brazili ilianza kuutumia mwaka 2009 na kuulazimisha mwaka 2016, nchini Ureno ulipingwa na waandishi wengi, na Angola haikuuridhia. Kiswahili kilisanifishwa kwa njia nyingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 chini ya ukoloni wa Kiingereza ilifuata uamuzi wa kuichukua Kiunguja kuwa msingi, na wasemaji wa Kimvita, Kiamu na lahaja nyingine hawakuulizwa. Kireno kilijadiliana sana hata kikakosa mwafaka kamili. Kiswahili kilipata mwafaka pasipo majadiliano. Sasa ambapo wasemaji wengi wako Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, itabidi meza ya majadiliano iwe ndefu kuliko ilivyopata kuwa.

Funzo la pili ni juu ya hadhi na matumizi. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, miongoni mwao Kireno. UNESCO, iliyokuwa imeitangaza tarehe 5 Mei kuwa Siku ya Kireno Duniani mwaka 2019, iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Haya ni mafanikio ya kujivunia. Lakini Timor yakumbusha kwamba hadhi bila wakalimani wa mahakama, vitabu vya kiada na walimu waliofunzwa humwangukia mwananchi kama mzigo. Swali la kuuliza baada ya kila tangazo ni hili: mkalimani yuko wapi, na analipwa na nani?

Funzo la tatu ni juu ya jamaa wadogo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha kujiunga mwaka 2024. Huko Barawa, pwani ya Somalia, kuna Chimwini, ndugu wa Kiswahili ambaye wasemaji wake wengi walitawanywa na vita vya miaka ya 1990. Msumbiji kuna Kimwani, ambacho wasemaji wake wengi wamehamishwa na mapigano yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017. Ni rahisi kuzitaja lugha hizo katika hotuba kama ushahidi kwamba Kiswahili kimeenea kutoka Barawa hadi Quirimbas, kisha kuzisahau. Annobón ilitajwa hivyo hivyo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba watu wameingia katika Kireno kwa milango minne. Wapo walioingizwa kwa mtihani wa mkoloni; wapo walioitwaa lugha kwa hiari yao wakati wa vita vya ukombozi; wapo walioirudia kwa sababu iliwakumbusha uhuru wao; na wapo walioandikiwa kwa amri. Kati yao, waliokuwa wenyeji kwa hakika ni wale walioifanyia lugha kazi, bila kujali kama wakuu walikuwa wametia saini au bado. Wamsumbiji na Waangola walikuwa wamekwisha kukifanya Kireno chao miaka mingi kabla ya mkutano wa Lisbon.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hudhani kwamba mgeni huja na kitu, na kwamba mwenyeji naye ana pengo la kuzibwa. Lugha inayopokea wasemaji wapya itapona ikiwa itayakubali maneno yao, lafudhi zao na lugha zao za nyumbani. Kazi hiyo si ya mikutano ya wakuu. Ni ya mwalimu wa Bukavu anayesahihisha insha, wa mtunga kamusi anayeamua neno la Lubumbashi liingie au libaki nje, na wa karani wa mahakama anayehakikisha kwamba mshtakiwa ameelewa alichoulizwa kabla ya jibu lake kuandikwa.